Pini za chuma kwa nyonga iliyovunjika

Somo la leo lilianzia darasani, wala hatukulipanga. Tulikuwa tunasoma habari za viungo vya mwili. Tulipofika kwenye neno "nyonga", mzee mmoja akainua fimbo yake akasema: "Mwalimu, mimi humu nina vyuma. Nilianguka nikavunjika, wakanipigilia. Sasa nieleze. Mtu siyo ubao. Chuma kinashikaje mfupa wa mtu aliye hai?"

Watu walicheka. Kisha wakanyamaza, maana wote tulimkumbuka bibi mmoja aliyekuwa akikaa benchi la mbele.

Bibi huyo alijiunga na kisomo akiwa na wajukuu wakubwa. Alitaka jambo moja tu: kusoma mwenyewe ujumbe ambao mwanawe alimtumia kwa simu, asisomewe na jirani. Akaweza. Alfajiri moja aliteleza kizingitini akaangukia ubavu. Hakuanguka kutoka juu ya mti. Alianguka kutoka urefu wake mwenyewe tu. Tulikwenda kumwona na sukari na sabuni kama ilivyo desturi. Tulimkuta amelala chali. Mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto, na unyayo umelala kwa nje. Tuliona kwa macho yetu, lakini hatukujua tunaona nini. Tukamwambia, "Pole bibi, umeteguka tu, utapona." Yeye akajibu, "Mwalimu, huu mguu si wangu tena."

Alikandwa kwa maji ya moto na majani. Wiki ya tatu akaanza kukohoa. Kiunoni kwa nyuma alikuwa na kidonda kipana kama kiganja. Wiki ya tano hakuifikia.

Yule mzee wa fimbo alivunjika mahali pale pale, mwaka uliofuata. Wanawe walimbeba kesho yake asubuhi kwenda hospitali. Leo anakuja darasani kwa miguu, na akichelewa anasingizia ng'ombe, siyo nyonga.

Sisi si waganga. Baada ya swali la mzee tulikwenda kumwuliza daktari wa mifupa, tukasoma na vitabu. Haya ndiyo tuliyoyapata.

MCHI NDANI YA KINU

Shika kiuno chako kwa upande, kisha inua goti. Pale panapojikunja kwenye kinena ndipo penye kiungo cha nyonga. Mfupa wa paja ndio mfupa mrefu kuliko yote mwilini. Juu kabisa una kichwa cha mviringo, kama kichwa cha mchi. Kichwa hicho kinakaa ndani ya shimo la mfupa wa kiuno, kama mchi ndani ya kinu, na humo kinazunguka kila tunapotembea, tunapochuchumaa na tunapolima.

Lakini mfupa huo haupandi wima mpaka kwenye kinu. Karibu na juu unajipinda kuelekea ndani, kama tawi linalochepuka kutoka kwenye shina. Kipande hicho kilichochepuka kinaitwa shingo. Uzito wote wa kiwiliwili unapita kwenye shingo hiyo. Kwa kijana, mfupa hapo ni mgumu, na huvunjika kwa nguvu kubwa: kuanguka kutoka kwenye mnazi, au kugongwa na pikipiki. Kwa mzee, mfupa umepungua uzito, ndani umekuwa na matundu kama mti ulioliwa na mchwa. Akina mama hupungukiwa haraka zaidi baada ya kukoma hedhi. Kwa hiyo kuteleza kidogo tu kunatosha.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linaloamua matibabu. Kichwa cha mfupa kinapata damu yake, kwa sehemu kubwa, kupitia mishipa midogo inayopanda juu ya shingo. Fikiria shamba lililo mwisho wa mfereji. Mfereji ukikatika njiani, shamba la mwisho linakauka hata kama chemchemi bado imejaa. Shingo ikivunjika na vipande vikaachana, mishipa ile hukatika au hujikunja, na kichwa kinaweza kukosa damu na kufa polepole. Lakini mfupa ukivunjika chini kidogo ya shingo, pale penye nundu mbili za mfupa, damu ipo tele na mfupa huunga vizuri zaidi. Wote tunasema "kavunjika nyonga", kumbe ni mivunjiko ya namna mbili.

KITANDA NDICHO KINACHOUA

Hapa darasa letu lilibishana sana. Wengi waliamini kwamba mzee akivunjika nyonga, mfupa wenyewe ndio unamwua. Siyo hivyo. Mara nyingi anauawa na kulala.

Mtu ambaye hawezi kugeuka kwa sababu ya maumivu analala chali mchana na usiku. Ngozi ya kiunoni na ya visigino inabanwa kati ya mfupa na godoro, inakosa damu, inaoza. Hivyo ndivyo vidonda vya kulalia. Mapafu nayo hayapanuki vizuri, makohozi yanatuama chini, kichomi kinaingia. Damu ya miguuni inatulia kwenye mishipa na inaweza kuganda. Bonge la damu likipanda mpaka kwenye mapafu, mtu anaweza kufa ghafla akiwa anaongea. Na mzee mwenye maumivu hali chakula vizuri wala hanywi maji ya kutosha, maana anaogopa kuomba kupelekwa msalani. Tukikumbuka siku za bibi yetu, tunaona yote hayo yalipita mbele yetu moja baada ya jingine.

Zamani hospitali nyingi zilivuta mguu kwa kamba na mawe kwa majuma mengi mpaka mfupa ushikane. Njia hiyo bado inatumika mahali ambapo upasuaji hauwezekani, na kwa kijana inaweza kufaulu. Lakini kwa mzee, majuma mengi ya mawe ni majuma mengi ya kitanda. Mpasuaji mmoja wa London, Astley Cooper, aliliona jambo hilo mwaka 1822. Aliandika kwamba shingo ya mfupa iliyovunjika ndani ya kiungo haiungi, na akashauri mzee asilazwe muda mrefu, bali akalishwe kitini kisha afundishwe magongo. Mfupa uliachwa umevunjika ili mtu mwenyewe aokoke. Wakati ule hapakuwa na shauri bora zaidi.

MSUMARI WENYE MABAWA MATATU

Seremala yeyote angeuliza: kwa nini wasipigilie msumari? Walijaribu, lakini mambo matatu yaliwashinda.

La kwanza ni uchafu. Mikono na vyombo vya wapasuaji vilipeleka vijidudu ndani ya kidonda, na mgonjwa alikufa kwa usaha. Joseph Lister, huko Glasgow, alianza mwaka 1865 kuua vijidudu vya kidonda kwa dawa ya kaboliki. La pili ni giza. Mfupa wa nyonga umezama ndani ya nyama, na mpasuaji hakuweza kujua msumari wake umekwenda wapi. Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei, na mfupa ukaanza kuonekana bila kufungua mwili.

La tatu ni umbo la msumari wenyewe. Chukua vipande viwili vya mbao, viunge kwa msumari mmoja wa mviringo, kisha uvizungushe. Vinazunguka. Ndivyo kichwa cha mfupa kilivyozunguka kwenye msumari mmoja, na kinachozunguka hakiungi.

Mwaka 1925, mjini Boston huko Marekani, daktari Marius Smith-Petersen, mzaliwa wa Norway, alianza kutumia msumari wa namna nyingine. Ukiutazama kwa upande wa ncha unaona mabawa matatu yaliyoachana, mfano wa mafiga matatu ya jikoni. Mabawa hayo yalikata njia zao ndani ya mfupa na kuzuia kichwa kisizunguke, na kwa kuwa yalikuwa membamba hayakuharibu mfupa mwingi. Mwaka 1931 yeye na wenzake waliandika juu ya kazi hiyo, na madaktari wa nchi nyingi wakaifuata.

Lakini ili kuupiga msumari wake alifungua kiungo chote. Kwa mzee dhaifu hicho ni kidonda kikubwa. Mwaka 1932 Sven Johansson wa Göteborg, Sweden, aliandika juu ya msumari wenye tundu katikati kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama shina la mpapai. Kwanza unaingizwa waya mwembamba kupitia kidonda kidogo cha pajani. Picha ya eksirei inapigwa. Waya ukiwa umepotea njia, unachomolewa na kuingizwa tena. Ukiwa sawa, msumari unavishwa kwenye waya na kuufuata mpaka ndani. Kwetu sisi jambo hili ni la akili kuliko lile la mabawa, ingawa jina lililopata sifa ni la Smith-Petersen.

KUTU NA CHUMVI

Swali la mama mmoja: "Sufuria yangu yenye chumvi inaota kutu. Je, damu si ina chumvi?"

Mama huyo angeweza kukaa na madaktari wa Texas. Maji ya mwili yana chumvi, ni kweli. Mwaka 1937 Charles Venable na Walter Stuck wa huko walionyesha kwamba metali mbili za aina tofauti zikikaa pamoja ndani ya mwili, zinatoa umeme mdogo, kama ule wa betri ya tochi. Umeme huo unaila metali na kuumiza mfupa ulio karibu, na skrubu zinalegea. Wao walitumia mchanganyiko wa metali uitwao Vitallium ambao mwili unauvumilia. Siku hizi pini na skrubu hutengenezwa kwa chuma cha pua cha aina maalumu kisichoshika kutu, au kwa titani. Na bamba na skrubu zake hutoka katika metali inayopatana. Ndiyo maana msumari wa dukani, hata ukichemshwa siku nzima, hauwezi kuwekwa mwilini.

Wengine waliuliza kama chuma kinavuta radi. Hakivuti. Chuma kilicho ndani ya paja hakiiti radi zaidi ya mtu mwingine yeyote. Anayepigwa na radi ni yule aliyesimama chini ya mti wakati wa mvua, awe na chuma au asiwe nacho.

DAKTARI ANAFANYA NINI

Mgonjwa anapewa ganzi ya mgongoni, au nusukaputi. Mguu unavutwa na kugeuzwa ndani taratibu mpaka picha ionyeshe kwamba mfupa umerudi mahali pake. Kama ni shingo iliyovunjika na vipande havijaachana sana, daktari anakata kidogo ubavuni mwa paja. Kwa keekee maalumu anapitisha waya kupitia shingo mpaka kwenye kichwa. Anaangalia kwa mbele na kwa ubavu. Kisha anakaza skrubu zenye tundu juu ya nyaya hizo, na nyaya zinatolewa. Kwa kawaida ni skrubu tatu, zimepangwa pembetatu. Mafiga matatu tena! Chungu hakitulii juu ya figa moja, na kichwa cha mfupa hali kadhalika.

Kama mfupa umevunjika chini ya shingo, hutumika skrubu moja nene iliyoingia kwenye bomba fupi la bamba lililofungwa ubavuni mwa mfupa. Skrubu hiyo haikukazwa kabisa ndani ya bomba. Inaweza kuteleza kidogo. Mgonjwa anapokanyaga, uzito wake unaisukuma, na vipande vya mfupa vinabanana. Mfupa unaobanwa huunga vizuri kuliko ulioachwa na nafasi. Kwa hiyo kutembea kwenyewe kunasaidia dawa. Njia nyingine ni kuingiza msumari mrefu ndani ya uwazi wa mfupa wa paja, na skrubu ikapita ndani yake kuelekea kichwani.

Na kama shingo imevunjika vibaya kwa mzee, mfereji wa damu umekatika, pini hazitafaa sana, maana zitashika kichwa kinachokufa. Hapo daktari anakitoa kile kichwa na kuweka cha chuma, chenye shina linaloingia ndani ya mfupa wa paja. Aina moja iliyoenea sana tangu miaka ya 1950 ina jina la Austin Moore, mpasuaji wa South Carolina, Marekani. Kwa kijana daktari hujitahidi kukiokoa kichwa chake mwenyewe, na kwake kila saa ina thamani.

Sasa turudi kwa mzee wetu na swali lake. Chuma hakiungi mfupa. Chuma hakina uhai, hakiwezi kuunga kitu. Kinashikilia tu, vipande visichezecheze, mpaka mfupa ujiunge wenyewe. Kazi hiyo huchukua miezi mitatu, pengine sita. Ni kama miti tunayoiegemeza ukuta wa udongo unapokauka. Kinachofanywa na chuma ni kumwezesha mtu kuinuka kitandani huku mfupa ukiendelea na kazi yake. Mzee alituambia kwamba kesho yake baada ya upasuaji nesi alikuja akamwambia asimame. "Nikadhani ananichukia," alisema.

Kwa mzee, vyuma mara nyingi huachwa humo maisha yake yote. Mfupa ukishaunga na vyuma havimsumbui, hakuna haja ya kumpasua tena.

Tusidanganyane, pini zinaweza kushindwa. Kidonda kinaweza kuingia usaha. Katika mfupa laini sana skrubu inaweza kutoboa na kutokea ndani ya kiungo. Kichwa kinaweza kufa hata baada ya kazi nzuri. Mgonjwa akipata homa, kidonda kikitoa maji, au maumivu yakirudi baada ya kupoa, arudishwe hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki.

NYUMBANI KABLA YA HOSPITALI

Dalili tuliziona kwa bibi: mguu umefupika, unyayo umelala nje, hawezi kuinua kisigino kutoka kitandani. Lakini wako wanaovunjika na bado wanachechemea siku mbili tatu, kwa sababu vipande vimekamatana. Na wako wanaolalamika goti, kumbe nyonga ndiyo iliyovunjika. Mzee aliyeanguka na anasikia maumivu ya kinena au ya goti akikanyaga, apigwe picha.

Asikandwe. Asivutwe mguu. Wekeni mto au nguo iliyokunjwa katikati ya miguu, kisha fungeni miguu yote miwili pamoja kwa khanga, bila kukaza sana. Mguu mzima unakuwa ubao wa mguu mgonjwa. Abebwe amelala, kwa machela au kitanda cha kamba au mlango. Asipakiwe kwenye pikipiki. Zahanati itampa dawa ya maumivu na barua ya rufaa. Upasuaji unafaa ufanyike mapema, ikiwezekana ndani ya siku moja au mbili baada ya kufika. Lakini aliyechelewa wiki naye apelekwe. Hata kama mfupa hautapigiliwa, ataondolewa maumivu na kufundishwa kukaa.

Huko hospitali si kila mahali penye mashine ya eksirei inayoonyesha picha wakati daktari anapokata. Mwaka 1999 daktari Lewis Zirkle wa Richland, katika jimbo la Washington, Marekani, alianzisha shirika la SIGN kwa ajili ya nchi zenye shida hiyo. Misumari yake ya mfupa wa paja na wa muundi ina mkono wa chuma unaobaki nje ya mwili na kumwonyesha daktari tundu liko wapi ndani. Inatumika pia kwetu, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili.

Gharama ipo, na pini zenyewe si rahisi. Msiuze shamba usiku. Hospitali kubwa ina ofisi ya ustawi wa jamii. Nendeni huko siku ya kwanza, na barua ya mtendaji wa kijiji mkononi, mkaulize habari za msamaha kwa wazee wasiojiweza.

KAZI YA KIKUNDI

Someni somo hili kwa sauti, kila mtu aya moja. Kisha mjadiliane na mwandike majibu daftarini. Katika kijiji chenu ni nani ana kitanda cha kamba kinachobebeka? Ni gari la nani linaloweza kuitwa usiku, na namba yake ya simu mmeiandika wapi? Hospitali iliyo karibu yenye daktari wa kupasua mifupa ni ipi, na nauli ya kufika huko ni kiasi gani? Ni wazee wangapi kitongojini mwenu ambao kizingiti cha mlango wao kiko juu kuliko kifundo cha mguu? Kwa swali hili la mwisho, msijibu mkiwa mmekaa. Nendeni mkapime.